Nondo (masta) ya maafa na tabianchi kule Uingereza: nyota tatu na nusu, na sababu zangu

Wadau, tangu nimerudi inboksi haijapumzika. "Dada ile kozi inalipa kweli?", "dada nishike mkono na mimi", mwingine kaniomba kabisa nimwandikie insha yake ya skolashipu, sasa nimeona niandike mara moja nimalize, maana kila usiku narudia maneno yaleyale kwa voisi mpaka mtoto ananiuliza mama unaongea na nani.

Kozi ni masta ya mwaka mmoja, usimamizi wa maafa na kuhimili mabadiliko ya tabianchi, kwenye chuo kimoja kaskazini mwa Uingereza. Jina la chuo nalibana kwa sababu kuna mambo nitayasema hapa chini na bado nawahitaji wale walimu waniandikie rifarensi, mnajua wenyewe. Nimeondoka Septemba 2023, nimerudi Septemba 2024. Kabla ya hapo nilikua afisa mazingira kwenye halmashauri moja mkoa wa Morogoro, na haya mambo ya maafa niliongezewa tu juu ya kazi yangu kama mtu anavyoongezewa mzigo wa kuni kichwani, yaani mvua ikikata hakuna anayekukumbuka, ikinyesha siku tatu mfululizo simu haitulii, mratibu wa maafa yuko wapi.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningekua nimejilipia mwenyewe ningetoa mbili na nisingewasalimia.

Tuanze na hela kwa sababu ndo mnachouliza kwanza hata kama mnazunguka. Ada ya kozi yangu ilikua paundi 22,000, zidisha mwenyewe, ni zaidi ya shilingi milioni 70 na hapo hujala hujalala. Juu yake kuna viza, kuna ile tozo ya matibabu ambayo sasa hivi kwa mwanafunzi ni paundi 776 kwa kila mwaka, kuna kipimo cha TB, kuna mtihani wa Kiingereza, na anayejilipia anatakiwa aonyeshe ana zaidi ya paundi 1,100 za kujikimu kwa kila mwezi hadi miezi 9, nje ya London hiyo, na ikae kwenye akaunti siku 28 bila kuguswa. Siku 28! Mimi akaunti yangu mshahara haujawahi kulala siku nne.

Kwahiyo niliendea Chevening, ile skolashipu ya serikali ya Uingereza. Mara ya kwanza walinitosa, na nikiisoma leo ile insha naona walikua na haki, nilijaza ndoto zangu tangu utotoni na "kulisaidia taifa langu" mara saba. Mara ya pili niliandika usiku mmoja tu, ule tuliokaa na mwenyekiti wa kijiji kwenye baraza la shule tukiusikiliza mto, tuna tochi za simu na namba za watu sita wa ng'ambo ya mto, na kati ya hizo sita nne hazipatikani. Nikaandika nini nilikua sijui usiku ule. Basi, nikaitwa interviu. Wanataka uwe umefanya kazi walau miaka miwili (masaa 2,800 kwa hesabu zao) na ukimaliza urudi nyumbani ukae walau miaka miwili, dirisha huwa linafunguliwa Agosti au Septemba na kufungwa Oktoba au Novemba, msisubiri wiki ya mwisho kwa mtandao huu wetu. Kuna za Jumuiya ya Madola pia, ziangalieni.

Na tafadhali, jamani, msimpe mtu hela ya "kukufanyia aplikesheni". Kuna wakala mmoja mjini pale aliniomba milioni 1.8 nikiwa bado sijajua chochote, nikampa laki tatu ya utangulizi, akanijazia fomu ambayo nilikuja kugundua ni ya bure kwenye tovuti ya chuo na jina langu la kati kalikosea. Laki tatu yangu. Mpaka leo nikipita lile jengo nageuza shingo.

Haya, darasani. Kitu cha kwanza kinachokushtua ni kwamba hakuna vipindi. Mi nilizoea UD ratiba imejaa kutwa, huku kwa wiki masaa nane, tisa, nikasema hawa wameniibia. Kumbe hayo mengine unatakiwa usome. Makala nne za semina moja, kila moja kurasa 25, na ukiingia semina hakuna wa kukuficha nyuma maana mko kumi na nne mmekaa duara na mwalimu anauliza "wewe unaonaje". Hakuna desa, zile noti za mkato za kukariri. Nililitafuta desa wiki tatu za mwanzo, nikauliza waliotangulia, wakanishangaa. Na mwalimu anaitwa kwa jina lake la kwanza, baba mwenye mvi kabisa, ulimi wangu uligoma mwezi mzima nikawa naanza sentensi bila kumwita, naangalia tu upande wake nakohoa.

Asainmenti ya kwanza nikapata 58. Mimi, niliyetoka na GPA ya kutisha! Nikalia chooni kwanza ndo nikaja kuelewa, kule 50 umefaulu, 60 umefaulu vizuri, 70 ndo juu kabisa na ukiipata unapiga simu nyumbani. Lakini kilichoniuma ni komenti moja, kwamba nimeeleza vizuri sana lakini sijahoji kitu. Na ni kweli, mimi shule yote nimefundishwa "eleza", "taja", "fafanua", hakuna aliyewahi kuniambia bishana na aliyeandika.

Sasa kitu kilichonifanya niwape zile nyota. Wiki ya pili yule baba wa mvi kaingia, kaandika ubaoni "majanga ya asili", kayapiga mstari, kasema hapa hatutumii hilo neno. Mvua ni ya asili, mafuriko sawa, lakini maafa yana watu waliopanga. Nani anakaa bondeni, kwanini anakaa pale, nani aliuza kile kiwanja, nani alisaini, maji yakija nani ana ngazi na nani hana. Ndugu zangu, mimi nimeandika ripoti za maafa miaka mitano na zote zinaanza na "kufuatia mvua kubwa zilizonyesha". Zote. Kama vile mvua ndo iligawa viwanja. Nilitoka pale siongei na mtu.

Tasnifu yangu ikatokea hapohapo. Mnakumbuka mafuriko ya Dar ya Desemba 2011, watu wa Jangwani na mabonde ya Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande, kilomita 30 hivi kutoka mjini. Na mnajua wapo waliorudi. Huku tunasemaga "wabishi", mimi mwenyewe nimesema sana. Nikawapigia watu kwa WhatsApp kutoka chumbani kwangu kule, kabla ya hapo nikajaza fomu ya maadili ya utafiti kurasa kumi na kitu ikakaa wiki tano kwa sababu eti nawahoji watu walio kwenye hali ngumu, na mama mmoja akaniambia kwa upole kabisa kiwanja walimpa, hakatai, ila yeye anauza maandazi Kariakoo saa kumi na moja alfajiri, sasa kutoka kule atoke saa ngapi na nauli itoke kwenye andazi lipi. Kwenye andazi lipi! Hiyo sentensi imebeba tasnifu nzima, maneno 15,000 mengine ni kuizungushia makala za wazungu. Nilipata 68. Mbili tu zilipungua, nina kinyongo nazo.

Tarehe 3 Desemba 2023 ilikua Jumapili. Naamka naona grupu la familia lina meseji mia na kitu, video za mji wa Katesh kule Manyara, matope yameshuka kutoka mlima Hanang yamepita kwenye mji na magogo na mawe. Watu zaidi ya 80 wakafa. Jumatatu nina semina, nikafikiria nisiende, nikaenda. Mwalimu akasema leo tunaacha mada, akanipa ubao. Sikua na slaidi wala nini, nilichora mlima, mji, soko, nikaeleza watu wanapolima na miti ilipo, mwenzangu wa Ufilipino ambaye mwaka 2013 alikua Tacloban kimbunga Haiyan kilipopiga akawa ananiuliza maswali taratibu, usiku gani, watu walikua wapi, nani aliwaambia. Maswali yake yalikua mazuri kuliko ya walimu. Nikirudi chumbani ndo nikalia vizuri.

Hicho ndo chuo hakiandiki kwenye brosha, wanafunzi wenzako. Kaka mmoja wa Bangladesh alitupa darasa la dakika kumi ambalo nililiandika lote. Kwao mwaka 1970 kimbunga kimoja kiliua watu zaidi ya 300,000. Wakaanzisha mpango wa watu wa kujitolea, kijiji kwa kijiji, wana bendera, vipaza sauti vya mkononi, baiskeli, na wanajua ni nani mlemavu yuko nyumba ipi. Kimbunga Amphan kilipokuja 2020 waliokufa Bangladesh hawakufika 50. Setilaiti zilisaidia, kasema, ila bibi yake hajawahi kuiona setilaiti, anamjua kijana wa bendera.

Na safari. Hii peke yake naipa nyota tano. Februari walitupeleka Hebden Bridge, mji mdogo bondeni mwa mto Calder, West Yorkshire, vilima vimeubana huku na huku ukiangalia haraka unaweza kusema uko Kilosa mpaka upepo ukukate masikio. Tarehe 26 Desemba 2015, watu wametoka kula Krismasi, maji yakaingia madukani na majumbani, Februari 2020 yakaingia tena na dhoruba waliyoiita Ciara. Wana ving'ora vya mtindo wa vita vya pili vya dunia, vikilia bonde zima linasikia, hakuna cha kusubiri meseji.

Tukaingia kwenye kaduka ka vitabu ka mzee mmoja, nusura nimwamkie shikamoo kwa Kiswahili. Nikashangaa soketi za umeme ziko juu usawa wa kifua. Sakafu ni jiwe tupu hana zulia, rafu ya chini kabisa ameiacha wazi haina hata kitabu, na nyuma ya mlango kuna mistari miwili ya penseli na mwaka pembeni, 2015 imenifika kiunoni. Tukamuuliza king'ora kikilia anafanyaje, akajibu bila kufikiri: anazima umeme, anabeba daftari la hesabu, anagonga kwa bibi wa chini jirani yake. Hana mpango kazi wa kurasa 60. Mimi ofisini ninao, una nembo na dibaji ya mkurugenzi, na ukiniamsha usiku siwezi kukwambia hatua ya kwanza ni ipi.

Mchana tukapanda msituni Hardcastle Crags. Kuna kikundi cha kujitolea, Slow the Flow, wamejenga mamia ya vibwawa vya magogo kwenye vijito. Ukikiona hukiheshimu: magogo yamelazwa kukatisha kijito, chini wameacha pengo, siku ya kawaida maji yanapita zake, siku ya mvua kubwa yanapanda yanagonga magogo, yanasambaa pembeni, yanafika mjini yamechelewa. Mama aliyetutembeza, buti limejaa tope, alisisitiza hawazuii mafuriko, wanayachelewesha tu mzee wa vitabu apate muda wa kubeba daftari. Nikaanza kuota mchana, tukifanya hivi milima ya Ukaguru... halafu nikajikumbusha, magogo yale kwetu yangekua mkaa kabla masika hayajafika.

Haya malalamiko sasa, maana nyota moja na nusu imeenda mahali.

Mifano. Kimbunga Katrina cha Marekani 2005, matetemeko ya Haiti 2010, Japani 2011, Nepal 2015, zungusha, rudia. Afrika ikija inakuja na ukame na mtoto mwembamba kwenye slaidi. Niliwahi kunyoosha mkono nikauliza je sisi hatuna mafuriko, mwalimu akasema pointi nzuri, wiki iliyofuata tukarudi Katrina. Cha kuchekesha, siku Dar ilipotajwa ilitajwa kwa sifa: Ramani Huria, ule mradi ulioanza 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na UD pamoja na wakazi wakachora mitaa inayofurika mpaka mitaro na vichochoro, wakaiweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, mtu yeyote aitumie bure. Darasa zima likanigeukia nitoe ushuhuda. Nilikua siijui. Nimepanda ndege kwenda kufundishwa Dar, nikasema hii siri nife nayo, sasa nimewaambia.

Tabianchi yenyewe ni moduli mbili kati ya sita, na moja ya hizo ni mikataba na makongamano. Kama unataka kujua mtu wa Gairo apande nini mvua za vuli zikigoma, hii siyo kozi yako, nenda SUA pale, chuo cha kilimo. Sehemu ya ramani ilikua wiki nne, tunatumia ArcGIS ya chuo, programu ya ramani ya kulipia, umehitimu na leseni imekufa siku hiyohiyo. Nisikilizeni, jifunzeni QGIS kabla hata hamjapanda ndege, inafanya kazi hiyohiyo na ni ya bure, mimi nimejifunza nikiwa nyumbani baada ya kurudi kwa video za Youtube na bando la usiku.

Halafu bima. Kule wana mpango unaitwa Flood Re, tangu 2016, unashusha bei ya bima ya mafuriko kwa nyumba zilizoko kwenye hatari, ila siyo zilizojengwa kuanzia 2009, ili watu wasijenge bondeni kwa makusudi wakitegemea bima. Nzuri sana. Tukaambiwa tuandike bima ingefanyaje kazi nchini kwako. Nikaandika VICOBA, upatu, kanisa, msikiti, mjomba wa Dar. Nikapata 54 na swali pembeni kwamba huyo mjomba ni taasisi gani. Huyo mjomba ndo amejenga nusu ya nyumba zilizobomoka kwetu, mwalimu wangu.

Maisha nje ya darasa nitapita haraka. Baridi inazoeleka, giza ndo halizoeleki, Desemba kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama na wewe bado una kipindi. Sembe utaipata kwa maduka ya Wanaijeria na Waasia. Mtoto nilimwacha na mama yangu akiwa na miaka minne, na wanaoenda sasa wajue tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kufundishwa (siyo ya utafiti) haruhusiwi kwenda na familia, isipokua anayelipiwa na skolashipu ya serikali, kwahiyo zungumzeni nyumbani mapema, siyo wiki ya tikiti. Wangu nilipotua uwanja wa ndege Dar alijificha nyuma ya bibi yake. Hilo halina sehemu ya nyota.

Kazi? Hakuna tangazo huku lililoandikwa jina la digrii yangu. Mashirika yanataka uzoefu wa miaka mitano na ujue Kifaransa. Waliokua kazini wakapewa ruhusa wana pa kurudi, na mimi ni mmoja wao, aliyetoka moja kwa moja digrii ya kwanza bila hata kujitolea mahali ningemshauri asubiri, sio kwamba hataelewa, hatakua na usiku wa kuusimulia. Na kabla hujalia na viza, ulizia Ardhi, wana kituo cha mafunzo ya maafa hapohapo Dar na mafuriko ya kusomea unapanda daladala.

Kitu nilichofanya nilichojifunza kule na ambacho hakikuhitaji bajeti ni kimoja mpaka sasa. Masika iliyopita nimenunua makopo matatu ya rangi, kijani, njano, nyekundu, tumeenda na mwenyekiti na vijana wawili kwenye nguzo ya daraja la kijiji kupiga mistari, maji yakifika njano kina mama wa bondeni wanafunga vyombo, nyekundu kengele ya shule inagongwa na watu wanapanda kwenye kanisa. Mstari mwekundu niliupima mimi, kwa futi kamba, na data nilizotoka nazo ofisini. Kuna mzee alikua amekaa ukingoni na fimbo yake anatuangalia muda wote hasemi, tulipomaliza akashuka taratibu, akaweka kiganja kwenye nguzo, chini ya njano yangu, karibu mkono mzima.

"Mwanangu, hapa. Mwaka ule yakifika hapa, huku nyuma njia ya kwenda kanisani ilikua imeshakatika."

Ikabidi tutafute msasa.